Soko la Katoni Nyuma ya Kanisa

Jumamosi ya kwanza binti yangu alirudi kutoka kwenye somo la Kiingereza akiwa ameshika samaki. Samaki wa karatasi, mwenye jicho la kifuniko cha chupa na mkia uliokatwa kwa mkasi butu. Nikamwuliza kaye iko wapi. Akasema hakuna kaye. Nikamwuliza mara ya pili, maana mimi kila kitu nauliza mara mbili, na jibu la pili ndilo ninalolihesabu. Akasema tena hakuna, ila huyu anaitwa "fish," huu mkia ni "tail," na alipotaka gundi Madamu, mwalimu wao, alimnyima mpaka aliposema "glue, please."

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Hapa Bukavu mzazi hajui kwamba mtoto amesoma mpaka aone kaye, yaani daftari. Mtoto akiingia, mama anafuta mikono kwenye kitenge, anafungua kaye, anapitisha kidole juu ya kurasa. Hata mama ambaye hakukaa darasani anatofautisha ukurasa uliojaa na ukurasa mtupu, na anajua kabisa rangi ya wino wa mwalimu. Ukurasa ukijaa moyo unatulia. Samaki wa karatasi hajazi ukurasa.

Mimi nauza jumla kwenye soko la Kadutu: sabuni, biskuti, mishumaa, kiberiti. Kiingereza nilimtafutia mtoto kwa sababu ya simu. Mali yangu nyingi inatoka Kampala, na wale jamaa wa Kampala wanaongea nami Kiswahili kizuri sana wakati wa salamu, tunapoulizana habari za watoto na za mvua. Tukifika kwenye bei wanageuka pembeni, wanasemezana Kiingereza, halafu wanarudi kwangu na Kiswahili ambacho kimepanda. Nilitaka mtu wa nyumbani mwangu asikie kinachosemwa kule pembeni. Samaki nilikuwa naye wa kutosha, wa ziwani, na huyo analiwa.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimwachia dada yangu meza, nikapanda kilima na mtoto mpaka parokiani kuangalia ni biashara gani hiyo.

Chumba kiko nyuma ya kanisa, pale ambapo mtelemko unaanza. Bati juu, madirisha mawili, meza ndefu ambazo siku za harusi hubeba sahani. Nilihesabu watoto, nikapata ishirini na tatu. Nikahesabu tena, nikapata ishirini na mbili, kwa sababu mmoja alikuwa ameingia chini ya meza kutafuta kifuniko. Katikati yao alisimama mwanamke kijana, mwembamba, mikono imekauka unga hadi kwenye viwiko kama mtu aliyetoka kusonga fufu, ugali wetu wa muhogo. Alikuwa amesomea ualimu wa Kiingereza hapa hapa mjini, akafundisha sekondari mpaka uvumilivu wake ukaisha kabla ya ahadi za mshahara za wakubwa wake, halafu akaomba chumba hiki kwa Jumamosi.

Na kweli ilikuwa fufu. Gundi yake aliipika kwenye mbabula, jiko la makaa, pale pale mlangoni: unga wa muhogo ndani ya maji ya moto, mwiko unazunguka, mpaka iwe nzito kidogo kuliko uji. Watoto walilamba vidole, na hakuna aliyeumwa tumbo. Nilitafuta kitu chochote kilichonunuliwa ndani ya chumba kile, nikakiona kimoja, ni mkasi. Vingine vyote vilikuwa vimeokotwa au kuombwa. Vipande vya kitenge vilitoka kwa mafundi cherehani. Nywele za wanasesere zilikuwa maganda makavu ya mgomba. Udongo wa mfinyanzi ulitoka kwa wachoma matofali. Weusi ulikuwa mkaa, wekundu ulikuwa tofali lililosagwa, kijani kilikuwa majani ya lengalenga, mchicha wetu, yaliyopondwa na kukamuliwa, na harufu yake ilinikumbusha kwamba sijapika.

Mimi nimezoea watu wanaofanya kitu kutoka kwenye hakuna kitu. Huu ni mji wao. Lakini wengi wakishakifanya wanakuambia walivyoteseka. Huyu alichukua katoni ya sabuni, akamlaza mtoto juu yake, akazunguka mwili wake kwa mkaa, akakata. Ikawa mtu wa katoni, urefu wa mtoto. Wakamvalisha shati la vipande. Kila aliyetaka kubandika kifungo alisema "button." Aliyetaka kiatu alisema "shoe."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, kwa sababu niliitambua kazi yake. Yule mwanamke aliketi juu ya bidhaa. Mkasi ulifungwa kwa kamba kiunoni mwake, rangi zilikuwa nyuma yake, gundi mbele ya miguu yake. Mtoto akija na "nyekundu, Madamu," alitazama dirishani kama mtu anayesikia lori likipita mbali. Mtoto akisema kwa Kifaransa, lori liliendelea kupita. Mtoto akisema "red," hata kwa sauti ya panya, rangi ilitoka papo hapo. Hakuwafundisha neno, aliwanyima kitu mpaka neno litoke. Nimefanya biashara tangu nikiwa msichana na sijawahi kuona mtu anayeuza kwa bei ya maneno na wateja wanapanga mstari.

Nilipoondoka nilimwambia katoni za dukani mwangu ni zake. Hilo si jambo dogo. Katoni tupu Kadutu haitupwi. Watu wanaitandika, wanaiezekea, wanafungia mizigo. Aliinama kidogo, akasema, "Aksanti, maman. Zile za biskuti ni nzuri zaidi, haziko na mafuta." Nikapenda kwamba anachagua.

Ila si kila mzazi alipenda. Kulikuwa na mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa rafiki wa binti yangu. Huyo alisema mbele ya watu, tukitoka misa, kwamba batoto beko nakata makaratasi tu, na kwamba kama ni kukata, yeye ana samaki za kutosha za kukatwa nyumbani. Wengine wakacheka, wengine wakatikisa vichwa. Maneno yalifika kwa mzee aliyeongoza kamati ya parokia. Watu walimwita Papa Prezida, yaani Baba Mwenyekiti. Alikuwa mudirekta mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka, mwenye kalamu mbili mfukoni. Si mtu mbaya. Nusu ya Kadutu imejifunza kuandika chini ya fimbo yake, na mimi nimo katika ile nusu. Lakini kwake yeye elimu ni kaye, na kisichokuwa ndani ya kaye ni upepo.

Kulikuwa pia na mtu aliyekodisha viti vya harusi, ambaye alikuwa akikitazama kile chumba kwa macho ya kukiwekea viti.

Papa Prezida akatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi atakuja mwenyewe kutazama. Akikuta masomo, sawa. Akikuta mchezo, ufunguo unakwenda kwa mwenye viti.

Mwalimu alituambia hayo akiwa anakwangua sufuria ya gundi, bila kupandisha sauti. Alisema bila chumba kazi imekwisha. Nyumbani kwake kiwanja ni cha familia sita na moshi wao wote, na katoni haikai pamoja na mvua ya Bukavu. Atarudi Bunyakiri kwa kaka yake, kuna shamba la muhogo, mikono inahitajika. Akaongeza kwamba muhogo angalau anaujua. Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka tena, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Akaamua kwamba siku hiyo watoto wataonyesha soko. Nilisema wazo ni zuri; kama kuna kitu watoto hawa wanakijua ni soko. Wiki mbili walijenga. Vibanda vya katoni vilisimama juu ya meza za harusi, vyenye paa la kitenge. Walifinyanga nyanya, wakazipaka tofali. Walifinyanga sambaza mmoja mmoja, wembamba kama kidole cha mtoto mchanga, wakawachora jicho kwa njiti ya kiberiti, na mwana wa mama wa sambaza alirudisha wote waliokuwa wanene akisema hao si sambaza, hao ni watu wa serikali. Walisokota vitunguu kwa maganda ya mgomba. Walitengeneza mzani wa kamba na vifuniko viwili vya makopo, na mzani ule ulipima kweli, nilijaribu mwenyewe kutoka pande zote mbili. Pesa ilikuwa vifuniko vya chupa. Kila kitu kilikuwa na jina la Kiingereza, na jina lilikuwa limelipiwa: hakuna aliyepata udongo bila kusema "clay."

Siku ya mazoezi nilikuja mapema nikakaa nyuma. Mwalimu alikuwa amewapa mazungumzo kutoka kwenye kitabu cha zamani cha shule. Mnunuzi anasema habari za asubuhi. Anauliza samaki ni bei gani. Mwuzaji anasema kumi. Mnunuzi anasema hii hapa kumi, asante, kwaheri. Basi.

Binti yangu alikuwa mnunuzi. Mwana wa sambaza alikuwa mwuzaji. Mtoto wangu alisalimia vizuri sana. Akauliza bei vizuri sana. Mwenzake akasema "ten." Na hapo mtoto wangu akakwama.

Mwalimu akamnong'oneza: "Here is ten."

Mtoto akavifumba vifuniko mkononi. Mwalimu akarudia. Mtoto akageuka akanitazama mimi, na mimi nikatazama paa.

"Madamu, hapana," akasema mwishowe kwa Kiswahili. "Ataniibia."

Mwalimu akamweleza kwamba haibiwi, ndiyo bei. Basi yule mwuzaji naye akakasirika upande wake. Alisema hata yeye hawezi kupokea. Huyu akilipa kumi mara moja, yeye atalala akijua angesema kumi na tano. Na ni kweli. Kadutu mteja akikulipa bei ya kwanza anakuharibia siku. Unamtazama anaondoka na unajisikia kama mtu aliyeacha mlango wazi.

Mwalimu, kwa subira, akasema kwamba katika nchi za kitabu hiki bei imeandikwa juu ya kitu.

"Nani aliiandika?" akauliza binti yangu.

"Mwenye duka."

"Na kama alikosea?"

Mwalimu akapekua kitabu. Watoto hawakumngoja, walirudi sokoni kwao kwa njia wanayoijua. Mara moja chumba kikajaa Kiswahili, nambari za Kifaransa, na Mashi kidogo, lugha ya wazee wetu, pale pa kutukanana. Lilikuwa soko zuri ajabu. Mmoja aliapa kwa mama yake, mwingine alijifanya anaondoka, wa tatu alivuta kitenge cha mteja. Kiingereza hakikuwemo hata neno moja. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Wiki mbili za udongo na gundi, na kitu kilichokwama ni kwamba hakuna mtoto wa Kadutu ambaye ulimi wake unaweza kukubali bei ya kwanza, kwa lugha yoyote ile.

Mwalimu hakucheka. Wala hakugomba. Mtu mwingine angepiga meza, akasema rudieni mpaka mshike. Mimi nimelelewa hivyo. Yeye alikifunga kitabu, akaja nyuma akaniuliza sokoni kwangu saa ngapi watu wanabishana sana. Nikamwambia asubuhi, kabla jua halijachosha ulimi.

Jumatatu alikuja. Alikaa juu ya katoni ya sabuni kando ya meza yangu, magoti pamoja, kama mgeni kwenye kilio. Nilidhani ataandika maneno. Hakuleta hata kalamu. Alitazama nyuso. Akaja mteja wangu mmoja wa mishumaa, mtu ninayemjua miaka mingi, tukafanya yetu, akaondoka na mishumaa yake.

"Maman," akaniuliza, "yule papa alisema nini pale katikati?"

"Hakusema kitu."

"Lakini bei ilishuka."

"Ilishuka juu ya uso wake."

Akaomba nimwonyeshe. Ni kitu kigumu kuonyesha kwa makusudi. Unasukuma midomo upande mmoja, macho unayapeleka mahali ambapo hapana kitu, na mabega yanasema kwamba una mahali pengine pa kwenda. Nilimfanyia. Akanifanyia mimi. Mara ya kwanza alionekana kama mgonjwa wa jino. Mara ya tatu nikamwambia ukija kwangu na uso huo nitakupunguzia, na nilimaanisha. Alikaa mpaka adhuhuri. Aliona jinsi mteja anavyoondoka bila kuondoka, jinsi mwuzaji anavyomwita wakati mgongo unageuka. Aliona matabishi, ile nyongeza tunayoweka juu baada ya bei kukubaliwa, kiberiti kimoja, biskuti mbili, bila hiyo mtu anaona amenunua lakini hajaheshimiwa. Akauliza kama matabishi inaweza kukataliwa. Nikasema inaweza, lakini mteja harudi tena.

Aliondoka na katoni ya biskuti. Jumamosi iliyofuata kila mtoto alikata duara mbili, akazibandika mgongo kwa mgongo juu ya kijiti. Upande mmoja walichora uso unaocheka. Upande wa pili walichora uso ule, midomo pembeni, macho mbali. Walijichora wenyewe, au mama zao. Nilimwona mama mmoja anajitambua na hakufurahi. Uso wa kukataa ulikwenda na maneno "too much." Uso wa kucheka ulikwenda na "okay." Mteja akigeuka mgongo, mwuzaji anasema "come back." Kwa matabishi alitafuta neno kwenye kitabu akaliacha. Aliwaambia kwamba watu wa kitabu hiki hawana kitu hicho, sisi tunacho, basi tutasema "and one for me," na atakayesikia ataelewa.

Nilishangaa jinsi kile kijiti kilivyofanya kazi. Mtoto mwenye haya alijificha nyuma ya uso wake wa katoni, na uso ukasema. Binti yangu alisema "too much" kwa sauti yangu kabisa, ile ninayoitumia kwa watu wa Kampala. Na mwalimu alizunguka kati ya meza akigeuza uso wake mwenyewe wa katoni, ananunua nyanya, anakataa, anaondoka, anarudi, na hakuna mtoto aliyemwonea huruma.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri. Udongo wa sambaza haukukauka vizuri, nyanya ziliacha alama nyekundu kwenye mikono ya kila mtu, na paa mbili za vibanda zililegea kwa unyevu. Wazazi walijipanga ukutani. Mwenye viti alikuja pia, akasimama karibu na dirisha akipima kwa macho. Papa Prezida aliingia akikung'uta mwavuli, akavua kofia, akairudisha, akauliza kwa sauti yake ya shule:

"Kaye za batoto ziko wapi?"

Mwalimu akampa vifuniko kumi kwa mikono miwili. "Papa Prezida, nunua kwanza. Kaye tutaongea kisha."

Mzee alitazama vifuniko. Kwa adabu zaidi kuliko kwa hamu, akaenda kwenye meza ya kwanza, ambayo ilikuwa ya sambaza, na siku hiyo mwuzaji alikuwa binti yangu. Akauliza bei kwa Kifaransa. Mtoto wangu akatazama dirishani. Akauliza kwa Kiswahili. Mtoto akapanga fungu la samaki upya, kwa uangalifu, kama vile hakuna mtu mbele yake. Mama wa sambaza akaniambia sikioni kwamba mutoto wako hana adabu. Nikamwambia ana mwalimu.

Papa Prezida akasafisha koo. Ilionekana kwamba anashuka mahali pa mbali, kwenye shule yake ya ujana, anafungua sanduku. "How much?" akasema, polepole, kila neno peke yake.

"Eight," akasema binti yangu, na akamtazama kwa mara ya kwanza.

Mzee alihesabu vifuniko vinane. Aliviweka kwenye kiganja, akaanza kuunyoosha mkono, nao ukasimama hewani. Nilijua kabla hajajua yeye. Ni mtu wa Bukavu. Kiongozi wa kamati angeweza kulipa, lakini mkono ule umenunua maharage hapa miaka yote. Ukarudi mfukoni. Aliangalia kulia na kushoto kama mtu aliyepoteza miwani, na mwana wa sambaza, aliyesimama karibu, akamwazima uso wake wa katoni. Mzee akaugeuza, akaona midomo ile, akauinua mbele ya kofia yake.

Watu walicheka, naye hakucheka, maana alikuwa kazini. Alitoa "four." Mtoto wangu akatoa "seven." Akageuka mgongo, koti lake zima likigeuka naye, akapiga hatua kuelekea nyanya.

"Papa, come back."

Akarudi. Walikubaliana tano. Alilipa kifuniko baada ya kifuniko, na mtoto wangu akavihesabu mara mbili, jambo ambalo halikunishtua. Halafu mzee hakuondoka. Alibaki pale, kiganja wazi. Mwana wa sambaza akamnong'oneza, naye akasema kwa heshima yote, "And one for me." Binti yangu akachagua sambaza mwenye jicho zuri, akamwekea juu.

Alinunua kwenye kila meza. Vifuniko vilipomwishia aliuza samaki wawili kwa kitunguu. Ilichukua muda, na mwenye viti alikuwa ameacha kupima madirisha, alikuwa anabishania nyanya.

Mwishowe mzee akaja mbele, akaweka manunuzi yake juu ya kofia iliyopinduliwa, akageuka kuwa prezida tena. Alisema ameona. Alisema batoto wanasema, hilo hatalikana. Lakini kaye hakuona, na wazazi wana haki ya kaye. Kwa hiyo anaacha chumba kwa mwalimu mpaka mwisho wa trimesta, yaani muhula huu, kisha kamati itatazama tena.

Mwisho wa trimesta ulikuwa karibu, lakini haikuwa hapana. Nilimwona mwalimu akishusha mabega. Wazazi wakaanza kupiga makofi.

Ndipo uso mmoja wa katoni ukainuka kutoka meza ya vitunguu. Midomo pembeni, macho mbali. Kisha wa pili. Kisha safu nzima, kisha chumba kizima, nyuso ishirini na zaidi zinamtazama Papa Prezida na kutazama mahali ambapo hapana kitu. Hakuna mtu mzima aliyewaambia. Kwao jambo lilikuwa wazi: mzee amesema bei, na ni ya kwanza.

Makofi yakafa. Mwalimu alinyoosha mkono kushusha uso wa mtoto wa karibu. Nikamshika kiwiko. Sikufikiri, ni kitu unachofanya sokoni mtu anapotaka kuharibu bei.

Papa Prezida aliwatazama. Yeye pia bado alikuwa na uso wa kuazima mkononi. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule.

"Mpaka Pasaka," akasema.

Nyuso hazikushuka.

Akachukua kofia na samaki wake, akageuka, akaenda mlangoni. Hadi leo sijui kama alikuwa ameudhika au alikuwa anafuata sheria. Alifika kizingitini, mvua mbele yake, na mwavuli hakuufungua. Kutoka chumba kizima, kwa sauti moja, bila mwalimu kuhesabu moja mbili tatu, ikatoka:

"Papa, come back."

Alirudi. "Mwaka muzima," akasema kwa Kiswahili, kwa mwalimu sasa, si kwa watoto. "Lakini nataka kaye."

"Ukurasa mumoja kwa kila Jumamosi," akasema mwalimu.

"Mbili."

Mwalimu hakuwa na kijiti. Alisukuma midomo yake mwenyewe upande mmoja, akapeleka macho dirishani, na mimi niliyemfundisha nikaona kwamba amenipita.

"Sawa, mumoja," akasema mzee.

Nyuso zikageuka, chumba kizima kikacheka kwa katoni. Papa Prezida aliweka ufunguo mezani kando ya mzani. Kisha akabaki amesimama, kiganja wazi, na kwa sababu hakuna aliyeelewa alichokuwa akingojea, akaeleza: nyumbani ana mjukuu, wa miaka sita, mtundu kidogo, kama kuna nafasi.

Mwalimu akasema iko nafasi.

Baadaye wazazi waliteremka na watoto wao chini ya mifuko ya plastiki. Mama wa sambaza alichukua samaki za udongo nyumbani, akasema ni za kupamba saluni, yaani sebule, tu, asifikiriwe vingine. Mimi nilibaki kukunja katoni zilizolowa. Mwalimu alikaa kwenye benchi na sufuria ya gundi magotini, anaikwangua.

"Maman," akasema, "aliposema mwisho wa trimesta, mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme aksanti."

Nikamwambia niliona. Nikamsogezea mwiko, maana pembeni mwa sufuria bado kulikuwa na gundi nyingi, na mjukuu wa mzee atahitaji uso Jumamosi ijayo.